Mama, Kitindamimba na Mtambo Wangu wa Siri

Mimi mzima wa mwili, ila roho ina kidonda kibichi na leo nakifungua hapa hapa mbele yako. Wale mnaosubiri kisa cha konda na mchumba wake wa Mbagala naomba mniwie radhi, kitakuja. Wiki hii kuna soo la nyumbani kwetu wenyewe, na mshitakiwa ni mimi.

Ilikuwa Agosti 2025, Jumapili, saa 5 usiku. Nipo zangu Sinza, nimejinyoosha kwenye kochi, jicho moja kwenye mpira, jingine limeshalala. Simu ikaita. Maza! Mama yangu anaishi Tanga, na saa hizo kwa kawaida yupo usingizi wa pili. Moyo ukanilipuka paa.

"Shikamoo Mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna nini. Wewe si ndiye mwenye mtambo?"

"Mtambo gani tena, Mama?"

"Huo wa kwenye simu uliotuwekea. Niangalizie humo, mdogo wako anaongea na nani saa 8 za usiku. Leo siku ya nne. Nikiamka kuswali naona pameandikwa yupo hewani."

Mdogo wangu ndiye kitindamimba wetu. Yupo Dodoma, anasoma chuo mwaka wa mwisho. Mama alitaka kujua kama kuna mwanamume, na kama yupo, basi apite mlangoni kama wanaume wenzake walivyopita, si kupenya kwenye simu usiku wa manane. Nikacheka. Nikamwambia, Mama, humo hata mimi siwezi kusoma, pamefungwa.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Mlango umefunga wewe, halafu ufunguo huna? Fundi gani wewe?"

Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Lakini hutanielewa mpaka nikurudishe nyuma kidogo.

Mwaka 2021 tulikuwa na grupu la ukoo kwenye WhatsApp, watu 61, wengine hata sura zao siwajui. Septemba ile Mama alitakiwa kufanyiwa upasuaji. Ikawekwa orodha ya michango kwenye grupu, nani katoa na nani kaahidi, na juu yake mjinga mmoja (mimi) akaandika wazi Mama anapasuliwa nini. Kuna ndugu akapiga picha ya kioo cha simu yake, akaituma kwa shoga yake. Jumamosi nipo kwenye harusi Mwananyamala, mama mmoja nisiyemjua ananishika mkono: "Pole baba, nasikia maza anatolewa kizazi." Habari ilifika Tanga kabla yangu. Mama wa watu hakutoka nje wiki nzima. Mpaka leo hatujui ni nani, ingawa shangazi yangu ana majibu yake na hayaandikiki gazetini.

Nilikasirika, nikailaumu kampuni. Baadaye nikaja kujua nimemsingizia mtu. WhatsApp imefunga ujumbe wote tangu Aprili 2016, mwandikaji na mwandikiwa tu ndio wanaosoma, na kufuli wanalotumia ni la Signal, ambalo mafundi wenyewe wanalisifia. Hakuna aliyedukua kitu. Kilichotuumbua ni dole gumba la ndugu yetu. Dole gumba halina kufuli, hata leo.

Kilichonisukuma kweli ni siku ya upasuaji wenyewe. Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021. Mama kaingizwa ndani alasiri. Kaka yetu mkubwa yupo Dubai, dada yupo Mwanza kwa mumewe, Kitindamimba bado yupo sekondari ya bweni, na mimi ndiye niliyekaa kwenye benchi la hospitali na simu mkononi, kila mtu ananisubiri mimi. Saa 1 kasoro jioni WhatsApp ikafa. Facebook nayo, Instagram nayo, dunia nzima. Nikadhani bando limeisha, nikanunua jingine! Mama katoka salama saa 2 usiku na sina pa kusemea. Kaka alikaa gizani mpaka karibu saa 7 usiku. Kwao kule simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa miaka nenda rudi, amezoea kusubiri sauti ya kurekodiwa, na usiku ule hata hiyo haikufika. Kumpigia simu ya kawaida ya nje sikuwa na vocha, na maduka yote pale nje yalishafungwa.

Unajua ilikuwa nini? Wala si vita wala si wadukuzi. Mafundi wao wenyewe walitoa amri moja ya matengenezo, ikakata njia zote zinazounganisha mitambo yao, na majina yao yakapotea kwenye intaneti kana kwamba hayajawahi kuwepo. Wengine hata milango ya ofisini iliwagomea. Kampuni iliyoinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19 mwaka 2014 ilibaki nje ya nyumba yake kwa saa 6 hivi.

Nilikaa kwenye lile benchi nikawaza, sisi ni wapangaji. Wewe unayeishi Dar unajua. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi 6 unatoa, akibadilisha masharti unatii, akifunga geti saa 4 unaruka ukuta. Januari ya mwaka ule ule walikuwa wametuletea masharti mapya, watu wakahama kwa mafungu kwenda Signal na Telegram, na sisi tukabonyeza "nakubali" kwa sababu shangazi asingeweza kuhama. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawa hata ndugu si ndugu. Nikasema mimi nitajenga banda langu. Lipinde upande, livuje, lakini langu.

Sasa kazi zangu ni za kompyuta kompyuta, natengeneza, nafunga programu, naganga njaa. Nikaanza kusoma usiku. Nikagundua kitu ambacho kwa kweli kilinishangaza. Tumezoea kwamba ukiwa WhatsApp unaongea na wa WhatsApp tu, tunaona ndiyo sheria ya Mungu. Wakati simu za kawaida haziko hivyo, mwenye laini ya mtandao huu anampigia wa mtandao ule na wanaelewana. Barua pepe nayo hivyo hivyo. Kumbe kuna na mazungumzo ya simu ya namna hiyo, na ni ya siku nyingi! Kuna lugha moja ya mitambo inaitwa XMPP, ilianza na jina la Jabber mwaka 1999. Mtu yeyote anaweka mtambo wake, anagawa anwani kama za barua pepe, na mtambo wake unaongea na wa jirani. Na hutaamini, WhatsApp yenyewe ilipoanza ilijengwa juu ya programu ya ukoo huo huo, kisha wakafunga milango wasiongee na mtu. Mjukuu kapata mshiko akaukana ukoo.

Nilijaribu kwanza Matrix, ambayo ni changa kidogo, ya mwaka 2014. Serikali ya Ufaransa inatumia mtambo wa aina hiyo kwa watumishi wake, wanauita Tchap, na jeshi la Ujerumani nalo lina wake. Nikasema kama jeshi linatumia, ukoo wetu ni nani? Lakini kwa kompyuta yangu ndogo ilikuwa mzigo, ilihema kama mzee anayepanda ngazi.

Nikajaribu na Mastodon kwa ajili ya picha za familia. Hiyo ndiyo ile iliyoanzishwa na kijana mmoja wa Ujerumani, Eugen Rochko, mwaka 2016, na watu wakaikimbilia Oktoba 2022 Elon Musk aliponunua Twitter kwa dola bilioni 44. Nzuri, haina matangazo, ila Mama aliingia siku mbili akaniuliza, "Mbona hamna watu?" Halafu kuna jambo nikuonye mapema, ujumbe wa faragha wa Mastodon haufungwi, mwenye mtambo anausoma kama gazeti. Tukaiacha.

Nikaangukia kwenye Snikket. Ni XMPP hiyo hiyo ila imepikwa kwa ajili ya familia. Unaweka mtambo, unatoa mwaliko, mtu anabonyeza anaingia. Asiye na mwaliko haingii, na mtu hatoi namba yake ya simu.

Mwanzo nilikuwa na kiburi, nikataka mtambo ukae nyumbani. Nikanunua Raspberry Pi, kakompyuta kanakolingana na pakiti ya sigara, nikakaweka juu ya friji. Kimbembe! Kwanza, anwani ya intaneti ya nyumbani haikuwa yangu peke yangu, mtandao unawagawia watu kibao anwani moja, kwa hiyo Kaka akiwa Dubai akabisha hodi hajulikani anabisha kwa nani. Nikahangaika nikachimba njia ya kuzunguka. Ikakubali. Wiki ya tatu umeme wa LUKU ukaisha mimi nipo kazini, ukarudi, ukaisha tena, na kile kikadi cha kumbukumbu kikaungua akili. Usibishane na mtu aliyewahi kuweka kitu cha familia nzima kwenye kikadi cha ukubwa wa ukucha.

Basi Machi 2024 nikanywea. Nikakodi seva ndogo Ujerumani, euro 5 kwa mwezi, kama shilingi elfu 15 hivi, nalipa kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu. Nikanunua jina la kikoa, hati ya usalama nikapata bure Let's Encrypt, inajihuisha yenyewe. Ndiyo, najua, nimerudi kuwa mpangaji. Lakini huyu mwenye nyumba akinifukuza nabeba jina langu na watu wangu nahamia kwa mwingine, na anwani za watu hazibadiliki. Hiyo ndiyo tofauti, na kwangu ni kubwa.

Kuwaingiza watu ndiyo ilikuwa shughuli. Mialiko nilituma kwa WhatsApp, usicheke, ningetuma kwa njia gani? Baba mdogo akanipigia kuuliza kama hii ni Freemason. Nikamwambia si Freemason. Akauliza, "Sasa mnaficha nini?" Nikamwambia, Baba mdogo, pale kwako mlangoni una pazia, ndani unaficha nini? Akakata simu, lakini kesho yake akajiunga. Simu zetu hizi za bei zetu nazo zina tabia ya kuzima programu ili kutunza betri, ikabidi niende mmoja mmoja, wengine kwa sauti ya simu: "Bonyeza Mipangilio. Hapana Shangazi, Mipangilio. Kile kinachofanana na gurudumu." Tulipotimia tulikuwa 9. Nilitaka 9 tu. Wale 61 niliwaacha kule kule na orodha zao za michango.

Sasa lile kufuli ambalo Mama ananishutumu sina ufunguo wake. Nilimweleza hivi. Simu yako, Mama, imetengeneza makufuli na ufunguo wake. Makufuli yanagawiwa wazi, kila mmoja wetu analo lako. Ufunguo haubanduki kwenye simu. Kitindamimba akikuandikia anafunga barua kwa kufuli lako, mimi tarishi naipokea, naibeba, nakukabidhi. Wenyewe wataalamu, Diffie na Hellman, walilitangaza wazo hilo mwaka 1976 huko Marekani. Na kufuli hizi za leo zinabadilika kila ujumbe, ukivunja moja hupati la jana.

Hasara yake niliijua Februari 2025. Bibi yetu alifariki Desemba, na Mama alikuwa na sauti zake kwenye simu, Bibi anamsomea dua, anamkumbusha dawa, mara nyingine anaita tu jina lake, anakohoa, anakata. Simu ya Mama ikadumbukia kwenye ndoo ya maji. Nikampelekea nyingine, nikamuingiza, grupu likatokea jeupe. Kwenye mtambo wangu ujumbe unakaa siku 7 tu kisha unafutwa, hiyo ndiyo desturi yake, na hata ule wa siku 7 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo uliozama kwenye ndoo. Programu ina sehemu ya kuweka akiba. Sikuwa nimeiwasha. Mama hakusema kitu, alisema tu, "Basi." Ningependa angenifokea. Siku hiyo hiyo nilizunguka simu zote 9 kuwasha akiba, na sauti ya Bibi imebaki kwenye simu ya Kitindamimba moja tu, ile ya kukohoa.

Haya, turudi Agosti, saa 5 usiku.

Nilimwambia Mama siwezi kusoma, na nilikuwa nasema kweli. Akaaga kwa kununa. Mimi nikarudi kwenye mpira, lakini mpira haukuingia kichwani tena. Mwanamume gani huyo wa saa 8 za usiku? Je, anamsumbua? Na mimi kaka mtu, mtambo ni wangu, euro 5 ni zangu. Unajua shetani anavyobisha hodi, hatumii rungu. Nikainuka nikafungua kompyuta.

Barua zilikuwa zimefungwa kweli. Unaona msururu wa herufi zisizo na kichwa wala miguu. Lakini msomaji wangu, barua ina bahasha. Na juu ya bahasha pameandikwa inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na saa ngapi. Tarishi asipojua hilo atapelekaje? Siku 7 za bahasha zilikuwa mbele yangu, mstari baada ya mstari. Nikatafuta jina la Kitindamimba, usiku wa manane.

Zilikuwa nyingi. Arobaini usiku mmoja, hamsini usiku mwingine. Na zote zilikuwa zinakwenda kwa mtu mmoja.

Kaka yetu wa Dubai.

Nilifunga kompyuta haraka kama aliyeshikwa anachungulia bafuni. Kwanza nikacheka kwa ahueni, hakuna mwanamume, ni kaka yake! Kisha kicheko kikaisha. Kule kwao ni saa 9 za usiku. Kaka ana kazi ya asubuhi, au ndivyo tunavyojua. Mtu wa kazi ya asubuhi anafanya nini macho saa 9 usiku, siku saba mfululizo, na mdogo wake wa mwisho, sentensi 50? Kwenye grupu la familia wiki ile nzima alikuwa ameandika mara moja, "Salama wote." Sikusoma hata neno moja lao, na bado nilijua nyumba inaungua. Bahasha tupu zilitosha.

Sasa nimwambie Mama nini? Nikimwambia "usijali, ni Kaka," ataniuliza wanaongea nini usiku wote huo, na asubuhi atampigia Kaka amwagie yote. Nikiwaza hivi nikaona niufiche. Nikampigia Mama kesho yake nikasema, "Mama, nimeangalia. Mtambo hauoni kitu." Akasema haya. Uongo wa nusu unalala vibaya kuliko uongo mzima, nakuambia, nilikaa nao wiki 3.

Septemba Kitindamimba akapita Dar akielekea Tanga likizo. Alilala kwangu. Anasukuma chapati, mimi nimekaa kwenye ndoo jikoni, nikamwambia yote. Mama aliniomba nini, niliangalia nini, niliona nini. Aliacha kusukuma. Nilidhani atalia au atanirushia mpini.

"Kwa hiyo wewe," alisema taratibu, "ulitutoa kwa Mmarekani ukatuhamishia kwa Mmarekani anayevaa msuli."

Nikajitetea. Nikasema Mmarekani naye anaona bahasha, tena za watu mabilioni.

"Yule hanijui. Akiona naandika saa 8 usiku ataniuzia godoro. Wewe unanijua. Wewe uliona namba tu ukajua Kaka ana matatizo. Yeye angejuaje?"

Sikuwa na jibu na bado sina. Nikamuuliza Kaka ana nini. Akasema, "Kamuulize mwenyewe." Akarudi kwenye chapati zake. Zilikuwa tamu na nilizila kwa aibu.

Usiku ule yeye na Kaka wakahama. Grupu la familia wakabaki, salamu na picha za watoto ziko pale pale, ila mambo yao wawili wakapeleka Signal. Inaniuma, sikufichi. Lakini nilipokwenda kusoma kuhusu Signal nikaona wana akili. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwataka watoe kila walicho nacho kuhusu mteja. Walichokuwa nacho cha kutoa ni vitu viwili, siku aliyojiunga na siku ya mwisho aliyoonekana hewani. Wameujenga mtambo wao usijue. Mimi nimejenga wangu kwa upendo, na unajua kila kitu cha juu ya bahasha. Mshikaji wangu mmoja aliyenisaidia kuuweka aliwahi kunionya, "Ukiwa na mtambo wa ndugu usiwe na macho." Nilidhani anatania.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi. Siku zile kila mmoja wetu anazikumbuka kwa namna yake, sitazirudia. Intaneti ilizimwa nchi nzima, na Dar tulikuwa ndani kwa amri ya kutotoka usiku. Wale mnaodhani mtambo wako mwenyewe unakuokoa na hilo, sikilizeni, haukuokoi. Mtambo wangu ulikuwa hai Ujerumani, unapumua vizuri kabisa, hati zake sawa. Sisi ndio hatukuwepo. Watu 8 kati ya 9 tuko Tanzania. Aliyebaki hewani ni mmoja.

Kaka alitupigia simu ya kawaida siku ya pili, dakika 2, akahakikisha tupo wazima. Baada ya hapo kimya.

Intaneti iliporudi Novemba 3 simu yangu ilitetemeka mezani mpaka ikakaribia kuanguka. Grupu la familia, ujumbe 37, wote wa Kaka. Siku ya kwanza anaita jina moja moja. Siku ya pili anauliza, anajijibu. Siku ya tatu kaandika, "Najua hakuna anayeona. Basi niseme." Na akasema. Kazi iliisha Aprili. Tangu Aprili! Chumba analala na watu 7 na kitanda wanapokezana, ndiyo maana usiku yupo macho, zamu yake ya kulala ni mchana. Zile hela alizokuwa anamtumia Mama kila mwezi, zile za dawa, alikuwa anakopa. Kitindamimba ndiye aliyekuwa anajua, na boom la chuo alikuwa anamtumia yeye. Mtoto wa chuo anamlisha kaka wa Dubai.

Dakika 10 hazijapita Kaka akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia. "Mama ameshaona?"

Mama alikuwa hajaona. Bando lake lilikuwa limeisha ndani ya zile siku, na kwa kawaida bando la Mama namnunulia mimi.

"Futa," Kaka akasema. "Wewe si ndiye mwenye mtambo? Nilidhani naongea na ukuta. Futa kabla hajawasha."

Naweza. Ni amri moja, mstari mmoja. Wala nisingehitaji kuifanya, siku 7 zikitimia mtambo unajifutia wenyewe. Ilikuwa ni kukaa tu na kutonunua bando kwa siku chache, na Mama asingejua maisha yake yote. Nikampigia Kitindamimba. Akasema neno moja, "Usiguse." Sikujua kama anamaanisha nisifute au nisimnunulie Mama bando. Nikamuuliza, akasema, "Vyote. Toa mkono wako humo."

Basi sikufuta, na bando sikununua. Nilikaa. Ni siku mbili ndefu kuliko wiki ile nzima ya giza.

Jumatano asubuhi Mama alikwenda mwenyewe dukani kwa jirani akanunua bando la shilingi 1,000. Saa 3 na robo akanipigia. Hata shikamoo yangu hakuijibu.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua kuna kitu, Mama. Sikujua ni nini."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku uliyoniambia nikuangalizie."

Alinyamaza mpaka nikatazama simu kama imekata. Nyuma yake nasikia kuku na mtu anasukuma toroli.

"Kumbe mtambo unaona," akasema.

Kaka alitua Dar wiki ya pili ya Desemba, begi moja na mto wa shingo wa kwenye ndege. Yupo Tanga sasa, anamsaidia Mama dukani. Wiki ijayo, Inshallah, yule konda.